Mji Ulionijua Kabla Sijaufikia

Ukiacha askari wa stesheni, mtu wa kwanza kunisemesha Nakuru aliniuliza nimerudi lini. Alikuwa mwanamke mnene mwenye beseni la viazi kichwani, amesimama nje ya stesheni, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa natia mguu katika mji ule tangu nizaliwe. Nikamwambia amenifananisha. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, akasema, "Pole, mama, pole sana," kisha akavuka barabara kwa haraka hadi viazi viwili vikamdondoka, na hakurudi kuviokota. Mjomba, aliyekuwa amenisindikiza, akacheka akasema watu wa bara macho yao yameharibiwa na moshi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa ajili ya sura yangu, na sikupenda kuiona imeanza kazi mapema kiasi kile.

Niseme kilichotupeleka. Baba yangu alikuwa mpishi, na mpishi mzuri siku zile hakukaa kwao. Aliondoka Tanga nikiwa bado natambaa, akafuatana na Mzungu mmoja aliyenunua shamba la pareto upande wa Molo, nchi ya Kenya. Kwa miaka mingi alituma salamu kwa watu wa reli, na wakati mwingine kitambaa, na mara moja kopo la jamu ambalo mama alikataa kulifungua mpaka likavimba. Halafu salamu zikakatika. Kisha zikaja habari mbili karibu kwa pamoja. Fundi mmoja wa reli akatuambia baba amefariki Nakuru na kuzikwa huko huko. Muuza tende mmoja akaapa kwamba amemwona kwa macho yake katika soko la Nakuru, anakaanga sambusa, amenenepa.

Mama akabaki katikati. Hakuwa mke wala mjane. Na kulikuwa na mtu anayemtaka, mwenye duka la vyombo pale Ngamiani, mtu mpole asiye na makuu, ambaye alikwisha kutuma wazee mara mbili. Mama alimpenda, nalisema hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia. Lakini kila alasiri, akiisha kuswali, alimsikia baba anavua viatu nje ya mlango. Kiatu cha kwanza, halafu cha pili. Haingii, wala haondoki.

"Siwezi kuolewa huku mtu amenisimamia mlangoni," akasema. "Kama amekufa, nijue. Kama yu hai, aniache kwa kinywa chake."

Ndipo tukatumwa, mimi na mjomba, kaka yake mama. Mjomba alikuwa maharimu wangu wa safari, mwanamume ambaye dini inaniruhusu kusafiri naye, lakini mwenye kazi hasa nilikuwa mimi, kwa sababu nilifanana na baba mpaka watu walikuwa wakinionea huruma: paji pana la kiume, jicho moja dogo kuliko lenziwe, kidevu chenye shimo. Mama akaniambia, "Kama yupo na anajificha, wewe jipitishe tu mbele yake. Hatakuweza." Nilikuwa na miaka ishirini, hasira zangu ziko karibu, na baridi sijapata kuijua.

Treni ilitupandisha Moshi, ikatushusha Voi, ikatupandisha tena Nairobi. Baada ya hapo nchi ikageuka. Tulishuka ukingo mrefu wa bonde huku magurudumu yanalia, na chini nikaona ziwa moja, halafu nyika, halafu ziwa jingine. Karibu na Elmenteita mjomba akanionyesha mlima uliochimbwa ubavuni ukawa mweupe pe, na watu weupe wanatembea juu yake. Nilishtuka mpaka abiria mmoja akanicheka. Akaniambia ni machimbo ya Kariandusi, wale ni vibarua kama yeye, ni vumbi tu lile, likioshwa mtu hurudi rangi yake. Nikamshukuru, lakini niliendelea kuwatazama mpaka treni ilipokata kona.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Sisi Tanga tulisikia tu kwamba Kenya kuna vita vya msituni, na kwamba serikali inawaondoa Wakikuyu wote katika bonde lile na kuwarudisha kwenye milima yao, hata waliozaliwa bondeni na ambao milima yenyewe hawaijui. Kusikia ni kitu kimoja. Pale stesheni Nakuru askari alisoma karatasi zetu za safari, akasoma uso wangu, akazisoma karatasi tena. Akamwita mwenzake. Wakanong'ona. Mwenzake akaniuliza, "Wewe kabila gani?" Nikamwambia mimi ni Mswahili wa Tanga. "Na baba yako?" Mjomba akajibu kabla yangu, kwa sauti ya kuchoka, kwamba baba yangu ndiye tuliyemfuata. Wakaturuhusu, lakini yule wa kwanza alinisindikiza kwa macho hadi nje.

Basi nikauingia mji wa baba yangu. Nilikuwa nimeubeba kichwani tangu utoto, nimeujenga kwa vipande vya salamu zake: mji wa juu, wenye ziwa la ndege wekundu, wenye jiko kila chumba. Nilichokikuta ni upepo. Ulitoka ziwani na harufu ya magadi, ukapita katika barabara pana kuliko zote nilizowahi kuona, na vumbi lake lilikuwa jepesi, likiingia hadi ndani ya buibui. Maduka ya Wahindi yalikuwa yamejipanga upande mmoja na mabati yake mekundu. Magari ya masetla yalikuwa yameegeshwa mbele ya benki, na Wazungu wanawake walikuwa wamevaa bastola kiunoni, juu ya magauni ya maua. Hilo sikulitegemea. Nilimwona mmoja anachagua nyanya, bastola inamgonga nyongani, naye anaminya nyanya moja moja bila papara.

Nyuma ya mji kulikuwa na mlima uliokatwa kichwa. Mjomba, ambaye kila mji alikuwa na kisa chake, akaniambia huo ni Menengai. Juu yake kuna shimo kubwa, na hapo zamani Wamaasai walipigana wenyewe kwa wenyewe, walioshindwa wakatupwa shimoni, na moshi unaotoka mle mpaka leo ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Nikamwuliza kama ameuona huo moshi. Akasema, "Tazama." Nikatazama. Ulikuwepo, mwembamba, sehemu tatu au nne, unapanda kidogo halafu unapotea. Nikamwambia asinitie wazimu, sisi tumekuja kumtafuta mtu mmoja tu.

Lakini wazimu ulikuwa umekwisha kuanza. Njia nzima ya kwenda Bondeni, mtaa wa Waislamu ambako tulielekezwa nyumba ya kufikia, watu walinitazama. Fundi cherehani aliyekuwa barazani aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, naye akabaki ameshika kitambaa. Msichana aliyekuwa akiteka maji bombani alinipungia mkono kwa furaha, akaanza kunikimbilia, halafu karibu kabisa akasimama. Uso wake ukageuka. Akarudi nyuma, akachukua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda.

"Wananijua," nikamwambia mjomba. "Kama wananijua mimi, basi wanamjua baba. Yu hai. Yule muuza tende hakusema uongo."

Mjomba alikuwa ameacha kucheka tangu kwa fundi cherehani.

Na mtaa wenyewe ulikuwa na kitu. Palikuwa na nyumba zenye watu, watoto barazani, harufu ya vitunguu. Halafu mlango umefungwa kwa kufuli. Halafu watu tena. Halafu milango miwili imefungwa. Mbele ya mlango mmoja maboga yalikuwa yameota, yakatambaa mpaka kizingitini, na hakuna aliyeyachuma. Wapita njia walikuwa wakiyaruka. Nikamwuliza mwanamke mmoja wenyewe wako wapi. Akasema, "Walibebwa," kama mtu anavyosema walioga au walikula, akapita.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mjane aliyekuwa akipangisha vyumba na kuuza uji asubuhi. Alizaliwa Pangani, lakini bara ilikuwa imemla lugha, akizungumza huwezi kujua ni mtu wa pwani mpaka aanze kuomba dua. Alitoka mlangoni akijifuta mikono kwa kanga. Aliponiona, akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, taratibu, pale pale kizingitini, akatoa shahada. Kisha akanyoosha mkono, nikainama, akanishika kidevu na kutia kidole katika lile shimo langu.

"Si yeye," akasema. "Huyu kubwa kidogo. Si yeye." Akaanza kulia.

Mjomba akamwambia sisi ni nani na tumemfuata nani. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, huku amenishika mkono. Halafu akatuambia yote, pale mlangoni, bila hata kutukaribisha maji, na sijamlaumu, kwa maana ni mzigo aliokuwa akingoja mtu wa kumtua.

Baba amekufa. Alikufa kabla ya mvua za masika za mwaka uliopita, kwa kichomi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile. Shamba la Molo alikuwa ameliacha zamani. Alikuwa akikaanga sambusa sokoni, kweli, na kweli alikuwa amenenepa. Muuza tende alisema alichokiona, isipokuwa alichelewa kukisema. Na baba alikuwa na mke. Mwanamke wa Kikikuyu aliyesilimu, mtulivu, mchapa kazi, aliyekaa naye miaka kumi na kitu. Na walikuwa na binti mmoja.

"Wewe na yeye," bibi akasema, "kama mtu alikata nyinyi na mkasi moja."

Nilisimama. Sikumbuki kuamua kusimama. Nakumbuka nilisema kwa sauti ya juu kwamba mimi ndiye binti yake, mimi ndiye wa kwanza, na mama yangu ameketi Tanga miaka kumi na tisa anasikiliza viatu. Watu wakatoka barazani mwao kutazama. Mjomba akaniambia, "Taratibu, mwanangu." Nikamwambia asiniambie taratibu. Nilikuwa nimekuja kumkuta baba ama hai ama maiti. Sikuwa nimekuja kumkuta ameninakili.

Bibi aliningoja nimalize. Kisha akasimulia lililobaki, na hili alilisimulia akitazama chini.

Baba alipozikwa, yule mjane aliingia eda: ile miezi minne na siku kumi ambayo mwanamke aliyefiwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe, amevaa nguo nyeupe, hajipambi, hatoki. Kioo cha chumbani kikafunikwa. Wanawake wa mtaa wakawa wanampelekea chakula kwa zamu. Mwezi wa kwanza ukaisha. Wa pili haujafika katikati, malori yakaja. Waliteremka askari na ofisa kijana wa Kizungu na mkalimani, wakaanza mlango kwa mlango, Wakikuyu wote nje. Wanawake wa Bondeni wakajipanga mbele ya chumba kile. Wakamwambia mkalimani amweleze bwana kwamba huyu ni Mwislamu mwenzao na yumo edani, na mwanamke wa eda hatolewi nyumbani mpaka siku zake zitimie.

"Mkalimani alisema yote, hakuacha kitu," bibi akasema. "Mzungu akafikiri kidogo. Akauliza hii eda ni ugonjwa ya kuambukiza?"

Walimtoa na nguo zake nyeupe. Binti, kwa karatasi ya baba yake, alikuwa na haki ya kubaki, na ofisa mwenyewe alilisema hilo. Wanawake wakamshika wamzuie. Akawauma, mmoja mkononi, akapanda lori na mama yake. Tangu siku ile hawakusikia neno. Wengine walisema wamepelekwa upande wa Nyeri, wengine walisema kambini. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Sasa nilijua kwa nini mtaa mzima uliniogopa. Walidhani yule waliyeshindwa kumficha amerudi kuwauliza.

Bibi alinipeleka chumba cha nyuma. Hakuna aliyekipanga tangu hapo, alisema. Wapangaji wawili walijaribu, na wote walihama mchana, kabla hata ya kulala, wakidai kuna mtu anakohoa nyuma ya pazia. Yeye mwenyewe hakusikia kikohozi. Alichosikia yeye ni mtu anahesabu, kwa sauti ya chini, kwa Kikikuyu.

Niliingia peke yangu. Ilikuwa saa za adhuhuri na jua lilikuwa limefika hadi kitandani. Kitanda cha kamba, kilichotandikwa. Sufuria tatu za baba, zimesuguliwa, zimefudikizwa. Kioo ukutani, bado kimefunikwa kwa kipande cha bafta, kwa maana hakuna aliyethubutu kukifunua. Siku zilikuwa hazijatimia. Na kwenye msumari, gauni la kitambaa cha bluu. Nikalitoa. Nikajipima. Mabega yalinitosha, urefu ulipungua kidogo. Lilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya sambusa, harufu niliyokuwa nikiitafuta maisha yangu yote, na ilikuwa kwenye nguo ya mtu mwingine. Nikakaa juu ya kitanda nikamwonea yule msichana wivu. Nilimwonea wivu mtu aliyebebwa na lori. Naliandika jinsi lilivyokuwa.

Sikusikia kikohozi, wala kuhesabu. Lakini nilipokuwa nimekaa pale nilijua, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako kwenye foleni, kwamba chumba kile hakikuwa kitupu, na kwamba kilichokuwamo hakikuwa baba.

Kesho yake tulikwenda kaburini. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, lakini mama aliniagiza nione kwa macho yangu, na mjomba, Mungu amrehemu, alisema agizo la dada yake atalijibia yeye mbele ya masheikh. Bibi akatuongoza. Makaburi yalikuwa mahali penye mwinuko, majani mafupi, na kutoka pale ziwa lilionekana lote, na kando yake ule utepe wa waridi ambao ni ndege. Baba alikuwa na mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, na mtu alikuwa ameyapaka chokaa. Mjomba akasoma Yasini. Nikamwaga maji kaburini, kisha nikainama nikamwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye chumba cha pili: "Baba, mama anauliza kama yuko huru."

Upepo ukaendelea kuvuma. Nilikuwa nimetegemea kulia, nikajikuta nina hasira tu, na chini ya hasira kuna njaa. Njiani kurudi bibi akaninunulia muhindi wa kuchoma, nikaula wote.

Alasiri ile wanawake wa mtaa walikuja. Walikuja wawili, halafu watano, halafu baraza likajaa. Bibi akatandika mkeka akaniambia nikae. Nikauliza wa nini. Akasema mtoto wa marehemu hakupewa mkono wa pole siku zile, kwani watu waliona bado kuna wakati, msiba u nyumbani, hauendi popote. Halafu ukaenda na lori. Sasa wanataka kutoa pole yao.

"Lakini mimi si yule," nikasema.

Mwanamke mmoja mwenye kovu jipya mkononi, kovu la meno, akanijibu: "Tunajua, dada. Lakini si hata wewe baba yako amekufa?"

Nikakaa. Wakanipa mkono mmoja mmoja, na wengi waliniita kwa jina la mwenzangu, wakajirekebisha, wakaniita tena hivyo hivyo. Nilifika mahali nikaacha kuwakumbusha. Nikaitikia.

Siku ya kuondoka, pale stesheni, kulikuwa na treni nyingine kwenye reli ya pembeni. Madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa nyavu za waya, na askari wamesimama kila behewa. Ndani mlikuwa mmejaa watu. Hawakupiga kelele. Vidole vilikuwa vimeshika waya, na nyuma ya vidole palikuwa na nyuso. Mjomba akanivuta mkono tusichelewe kupata nafasi. Lakini mimi nilitembea kando ya mabehewa yale, moja baada ya jingine, natafuta sura yangu. Mzee mmoja aliniambia kitu kwa lugha nisiyoijua, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtu njia. Askari akanipigia kelele. Nikaendelea mpaka behewa la mwisho. Sikujiona.

Safari nzima mjomba alinisihi tumpe mama nusu. Tumwambie kaburi lipo, mume kafa, mambo yamekwisha. Huyo mke na mtoto wa nini, wamtie mama kidonda cha bure wakati anaolewa? Nilimkubalia kutoka Nairobi hadi Voi. Kutoka Voi sikuwa na uhakika. Nilipomwona mama amesimama mlangoni, ameegemea upande mmoja ili kumwachia baba nafasi, nikajua sitaweza.

Nilimwambia yote. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mke, akafumba macho, akayafumbua. Nilipofika kwenye binti, akauliza tu kama ni mzuri. Nikamwambia ana sura yangu. Akasema, "Basi maskini," na tukacheka wote wawili, kicheko kibaya. Nilipofika kwenye malori hakucheka tena.

Siku ile ile aliitwa mwalimu wa dini wa mtaani. Naye akatoa hukumu ya wazi na nzuri: eda huhesabiwa tangu mume anapokufa, si tangu mke anapojua. Siku za mama zilikwisha zamani, zilipita mwenyewe hana habari, akifua na kupika. Yuko huru. Anaweza kuolewa hata kesho. Mjomba akashukuru kwa sauti. Mtu akatumwa kwa mwenye duka la vyombo. Jirani akapiga kigelegele kimoja, akasitishwa, kwa kuwa hata hivyo ni nyumba ya msiba.

Mama akaniita kando. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Walipomtoa, alikuwa amefika wapi?"

Nikamwambia: mwezi wa pili, haujafika katikati.

Akafikiri. Kisha akaingia chumbani, akachukua upande wa shuka akafunika kioo. Akavua bangili. Akavua kanga yake ya maua akajifunga nyeupe, akakaa juu ya mkeka kuelekea ukuta. Tulidhani ni huzuni ya siku moja. Jioni akaagiza mwenye duka la vyombo aambiwe asubiri, na kama hawezi asimlaumu.

Mwalimu alirudi. Alisimama nje ya dirisha, akamweleza kwa upole kwamba jambo hili halipo. Mwanamke hamkalii mwanamke mwenziwe eda, hakuna kitabu kinachosema hivyo. Mama akajibu akiwa ndani. "Najua, mwalimu. Lakini marehemu alikuwa na wajane wawili. Mmoja hakupata habari, mmoja hakuachwa akae. Mtu yule amekufa na hakuna aliyemkalia mpaka mwisho. Mimi sianzi upya. Namalizia alipoachia mke mwenzangu."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akimwita hivyo. Mwalimu akaondoka bila kuaga.

Alimalizia zote. Mwenye duka alisubiri. Baadaye walioana, wakaishi vizuri, na sina la kumsema isipokuwa wema. Lakini ninayotaka kuieleza ni ile asubuhi mama alipotolewa eda. Alikuja bibi mmoja wa mtaani kwetu, mwogeshaji wa waliomaliza eda, pamoja na wanawake wachache, wakampeleka uani, wakamwogesha kama ada inavyotaka, kata baada ya kata, wakimsomea. Ndoo ilipokwisha mwogeshaji akanyoosha mkono kutaka nguo kavu. Mama akasema bado. Akataka ndoo ya pili ijazwe.

"Ya nini tena?" mwogeshaji akauliza. "Umekwisha, mwanangu. Uko safi."

"Ya mwenzangu," mama akasema. "Na yeye amemaliza leo."

Nikajaza ndoo mimi, nikaileta. Mwogeshaji akatutazama, kisha akageukia upande wa kushoto wa mama, mahali pasipo na mtu. Akainua kata juu, kiasi cha kimo cha mwanamke aliyesimama, akamwaga taratibu, kwanza kichwani, halafu bega la kulia, halafu la kushoto, akisoma maneno yale yale. Maji yakaanguka kwenye saruji, yakajikusanya, yakaenda kwenye mfereji pamoja na ya mama.